Gauni la Mchomelea Mageti

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Hofu na mashaka ni kwako uliye mbali, ingawa nakujua: mashaka yenyewe yakikuona hupisha njia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenicheka kabla sijafika katikati. Barua angalau utaisoma mpaka mwisho, kisha ucheke na majirani zako.

Habari ya kwanza unaijua nusu. Chiriku wangu anamaliza chuo cha uuguzi mwezi wa Juni. Nusu usiyoijua ni kwamba amechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wahitimu wenzake wote, mbele ya walimu, wazazi na wakubwa wa hospitali. Binti yangu, dada! Yule uliyekuwa ukimwambia afunge mdomo mezani, leo anaombwa aufungue ukumbini. Niliposikia nilizima mashine nikakaa chini juu ya vyuma, vijana wa karakana wakadhani nimepigwa shoti.

Habari ya pili ndiyo yenyewe. Gauni atakalovaa siku hiyo nitalishona mimi.

Soma tena, hujakosea. Mimi, Kitinda, mdogo wako wa mwisho, mchomelea mageti na madirisha. Cherehani ya marehemu mama yake Chiriku bado ninayo. Nimeifungua yote, nimeisafisha, nimeitia mafuta, nimeifunga mkanda mpya, sasa inakwenda kama haijawahi kupumzika. Kilichobaki ni mtu wa kuniambia ninunue nini na nianzie wapi, na mtu huyo ni wewe. Mficha uchi hazai.

Usidhani nakudharau. Tangu mama yake atutoke, umemvisha wewe. Kila shule ilipofunguliwa kifurushi chako kilikuwa kimeshafika. Na kila mtoto huyu alipopita njiani, watu walimshika bega: "Nani kakushonea?" Naye: "Shangazi!" Nilifurahi, Mungu shahidi. Lakini nilikuwa nimesimama palepale, dada, nimemshika mkono. Mara moja tu, siku hii moja, nataka aulizwe na ajibu, "Baba." Basi. Sitaomba tena.

Mdogo wako,
Kitinda


13 Februari

Kitinda,

Marahaba. Nimecheka. Tena nilimsomea mpiga pasi wangu, naye akacheka mpaka akaunguza kola ya mtu.

Hivi wewe unajua gauni ni nini? Geti likipinda unalipiga nyundo. Kitambaa kikipinda utakipiga nini? Mtoto huyu nimemvisha mimi tangu hajui kufunga vifungo. Leo anasimama mbele ya wakubwa, watu wote wanamtazama yeye, na hiyo ndiyo siku uliyochagua kujifunzia? Niachie. Nitalishona, nitalituma, wewe katafute viatu vipya, maana vile vyako navikumbuka.

Hapo juu niliandika jana kwa hasira. Leo nimeisoma tena barua yako, pale uliposema umesimama umemshika mkono. Haya, mwana wa mama. Ukubwa jalala. Chukua kalamu.

Kitambaa kiwe cha pamba, kizito kidogo, kisichoteleza. Muuzaji atakuonyesha vinavyong'aa, mwambie akae navyo. Kikamate kwa ngumi ukiminye, ukikiachia kikabaki na makunyanzi, mrudishie. Nenda mchana, ukitoe mpaka mlangoni uone rangi yake ya kweli, na uzi uuchague ukiwa umeulaza juu ya kitambaa, uwe umekolea kuliko chenyewe, usiwe umefifia. Chukua bitana nyepesi na zipu ndefu ya mgongoni. Sindano za cherehani beba pakiti nzima kwa sababu utazivunja. Pini, chaki, karatasi za kaki za kuchorea. Mkasi ununue mpya, na mkasi huo ukikata hata karatasi moja, nitakuja mwenyewe kukukata masikio.

Kitambaa na bitana vifue kwanza, vianike kivulini, vipige pasi. Kitambaa kisipofuliwa kabla kitakuja kurudi na kupungua kikiwa gauni tayari, na mwenye gauni yumo ndani.

La mwisho, ndilo kubwa: usiguse kitambaa chenyewe kabla hujashona gauni la majaribio kwa shuka kuukuu. Umenisikia?

Katika kifurushi hiki nimekuwekea tepu yangu ya kupimia. Ndiyo niliyoanzia kazi. Imepima maharusi, imepima wakubwa, imempima hata yule mwalimu wako wa hesabu na tumbo lake. Mimi nimejinunulia mpya. Itunze.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Nimerudi vitani na nyara zote.

Kwenye duka la vitambaa nilikuwa mwanamume peke yangu. Muuzaji akaniuliza, "Mama watoto kakutuma rangi gani?" Nikamjibu, "Nimejituma." Nikakamata kitambaa cha kwanza nikakiminya kama ulivyosema. Makunyanzi! Nikamrudishia. Cha pili, makunyanzi. Cha tatu nikakitoa mpaka mlangoni, muuzaji ananifuata mbiombio akidhani nakimbia nacho. Wanawake waliokuwemo wakaacha shughuli zao wakaanza kunitazama, kisha wakaanza kunisaidia, kisha wakaanza kugombana wao kwa wao. Mmoja anasema nyekundu, mwingine anasema msichana wa kusema mbele za watu asivae nyekundu. Nikachagua mwenyewe: bluu ya wino. Yule mbishi wao akasema, "Huyu baba ana jicho." Nimetembea na maneno hayo wiki nzima.

Nimefua, nimeanika kivulini, nimepiga pasi. Majirani walipoona mita zote zile kwenye kamba walikuja kuuliza nani anaolewa. Sindano tatu zimeshavunjika, ulisema kweli. Nimejizoeza kushona mistari kwenye karatasi bila uzi mpaka inanyooka. Vijana wa karakana wanajua sasa. Wananiita Mama Mitindo. Nimewaambia wacheke, ila siku binti zao watakaponifuata niwashonee, bei yao itakuwa mara mbili.

Chiriku alikuja Jumamosi nikampima kwa tepu yako: kifua, kiuno, mkono, urefu. Alisimama wima kama askari, akasema, "Baba, mikono yako inanuka mafuta ya cherehani." Sikujua kama ni sifa au lawama, nikaichukua kuwa sifa.

Swali moja. Hilo gauni la majaribio ni lazima? Nimekata chuma miaka mingi, na chuma ni ghali kuliko shuka. Sijawahi kukata dirisha la majaribio.

Kitinda


11 Machi

Kitinda,

Ni lazima.

Naona umeshasifiwa dukani, sasa kichwa hakipiti mlangoni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dirisha halipumui, halikai kitini, halinyanyui mkono kusalimia. Mtu hufanya yote hayo. Shuka kwanza, kitambaa baadaye, na usiniulize tena.

Wateja wangu wananiuliza mwaka huu nitamshonea nini binti wa mdogo wangu. Nawaambia linashonwa kwao. Wanashangaa: "Kwao nani anajua kushona?" Ninabadili mazungumzo. Usije ukaniaibisha, maana kila mtu anajua wewe ni ndugu yangu.

Rangi umechagua vizuri. Hilo nakupa.

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku salama. Kazi inakwenda vizuri. Gauni limeshakuwa gauni, ukiliona utalijua. Urefu umetoka sawasawa, si juu si chini. Mshono umenyooka.

Nina kaswali kadogo tu, kwa ajili ya kujifunza. Gauni likibana kidogo kifuani, mwili wa mtu huwa unalizoea?

Kitinda


14 Aprili

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Barua hii baba asiijue, nakuomba kwa mapenzi yote uliyonilea nayo.

Hakushona la majaribio. Alikata kitambaa chenyewe. Jumamosi alinivalisha, akanizungusha, urefu ukawa mzuri kabisa, uso wake unawaka kwa furaha. Kisha akafika kwenye zipu. Shangazi, pande mbili za mgongo zimeachana zaidi ya kiganja! Akaniambia, "Vuta pumzi." Nikavuta. "Vuta tena." Nikamwambia, "Baba, pumzi zimeisha." Akacheka, nami nikacheka. Alipodhani nimekwenda jikoni nilimwona amekaa kitandani, gauni mapajani, anapima, anapima tena, anatikisa kichwa. Sijawahi kumwona baba yangu hajui la kufanya. Tangu utoto nimemwona akiinua mageti peke yake.

Mimi nitasimama mbele ya watu wote wale. Hotuba tu inatosha kunitetemesha, sitaki nitetemeke na kwa gauni. Nikivaa lake hivi lilivyo nitachekwa, nisipolivaa nitamvunja moyo, na moyo wa baba hauna vipuri.

Nishonee la akiba, Shangazi. Lolote, ila la bluu kama lake, ili likibidi nivae lako asiumie sana. Vipimo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, ni vile alivyonipima yeye. Uje nalo siku hiyo kwenye mfuko, kimyakimya.

Nisamehe kwa kukuweka kati.

Mwanao,
Chiriku


22 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, kazi umempa mwenyewe. Kitambaa nimeshakata, na utapendeza mpaka hotuba yako watu waisahau.

Vipimo ulivyoniletea nimevitupa. Kwa vipimo hivyo wewe ungekuwa na kifua cha mchukuzi wa magunia! Nilikushonea Desemba, nakujua. Huyo baba yako amekupima kama anapima tangi la maji. Mtu hajui kupima, anataka kushona! Nilimwambia. Nilimwambia kwa kalamu na ningemwambia kwa tarumbeta, lakini masikio ya Kitinda yaliungwa kwa chuma tangu kuzaliwa.

Siri yako ninayo. Nakiri pia kwamba nilipokata kitambaa nilifurahi. Nilikuwa nimenung'unika moyoni miezi hii yote, mtoto wangu anavishwa na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni baba yake. Basi sasa nimetulia. Wewe soma hotuba yako.

Shangazi yako


25 Aprili

Dada,

Nimemkamata mwizi!

Katika ile barua iliyopita nilikudanganya, gauni halikubana kidogo, lilikataa kufunga kabisa. Na la majaribio sikushona. Haya, umeshanitukana? Endelea kusoma.

Wiki mbili sikulala vizuri. Nilijiuliza: kama sijui kupima, mbona urefu ulitoka sawa? Asiyejua kupima huharibu vyote, hachagui. Jana niko karakana napima fremu ya dirisha kwa tepu ya chuma, na yako iko shingoni, nilisahau kuivua. Nikasema hebu. Nikazilaza mbili sambamba juu ya meza. Dada! Tepu yako haina inchi mbili za mwanzo. Kile kichwa cha bati kimefungwa baada ya inchi mbili, na namba za mwanzo zote zimefutika kwa vidole vyako, kwa hiyo macho hayaoni kitu.

Sasa sikiliza. Urefu nilipima mwili kwa tepu hiyo, nikapima kitambaa kwa tepu hiyohiyo, kosa likafuta kosa. Lakini kifua nilikigawa kwa nne, kama ulivyonifundisha zamani ukiwa unamshonea mama, vipande viwili mbele, viwili nyuma. Kila kipande nilipokipima kitambaani kikaibiwa inchi zake mbili. Vipande vinne! Inchi nane, toa mbili zilizozidi nilipopima mwili, ndiyo maana gauni limepungukiwa inchi sita. Nimepiga hesabu mara nne ubaoni kwa chaki, vijana wamenizunguka, tukashangilia kama tumefunga goli.

Kwa hiyo mdogo wako anajua kupima. Aliyekosa ni tepu, na tepu ina mwenyewe.

Kitinda


4 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta nimesimama, nikakaa.

Nimekumbuka. Miaka ile nilipokuwa bado mwanafunzi wa cherehani, pasi iliunguza ncha ya tepu ile. Sikuwa na uwezo wa nyingine. Nikakata palipoungua, nikarudisha kile kibati, nikajiambia nikipima niwe napunguza. Baadaye hata kujiambia nikaacha, vidole vyenyewe vikawa vinajua. Nilipoiweka kwenye kifurushi chako niliiona ni tepu nzima. Nyani haoni kundule.

Na mimi, kwa kinywa changu hiki, nimekusema vibaya kwa watu. Usiniulize nani. Nilisema hujui kupima. Naomba radhi, na wewe unajua ni mara ngapi nimekuomba radhi tangu uzaliwe.

Kosa ni langu, acha nilibebe. Nitumie gauni na mabaki yote ya kitambaa. Nitalinyoosha, nitakurudishia, na Chiriku atasema umeshona wewe. Sitamwambia mtu.

Ila la shuka ungelishona, haya yote tungeyaona mapema. Hilo sitaacha kulisema.

Dada yako


13 Mei

Dada,

Radhi umepata, siku nyingi. Gauni hulipati.

Nakushukuru lakini fikiri: akiulizwa akasema "Baba," na mimi najua ni wewe uliyelinyoosha, nitaitika kwa uso gani?

Mabaki hayatoshi, na dukani bluu ile imekwisha. Basi nimefanya ninavyofanya karakana. Bati likipungua hulitupi, unaunga. Ila fundi mbaya huunga akijificha, akapaka rangi juu, na kila mtu anaona. Fundi mzuri huacha kiungo kionekane, akakifanya pambo. Nimenunua pamba ya rangi ya maziwa, uzito uleule, nimeifua, nimeipiga pasi. Nafumua gauni ubavuni, kulia na kushoto. Nitaingiza kipande kirefu kila upande, kianzie ukingo wa mkono, kipite kwapani, kishuke kiunoni mpaka pindoni, kikipanuka kadiri kinavyoshuka.

Na kabla hujapiga kelele: nimeanza na shuka. La kwanza lilikunjamana vibaya kwapani. La pili likavuta. La tatu sijui, nalishona kesho. Sasa hivi nalalia godoro tupu.

Kitinda


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba hataki nilione gauni mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Nikimuuliza anapiga mluzi. Ameninunulia viatu, amenyoa ndevu wiki moja kabla, anazunguka mtaani anawaambia watu hata ambao hawakuuliza. Mwenye duka la mbele yetu ameniambia, "Nasikia baba yako anakushonea, tutakuja kuona."

Amenieleza habari ya vipande vya rangi ya maziwa. Mimi nikasema vizuri baba, lakini moyoni nikaona gauni lenye viraka.

Njoo na lako. Nitaamua nikiyaona yote mawili. Ninaogopa kuliko ninavyoogopa hotuba.

Chiriku


20 Juni

Kitinda, mwana wa mama,

Nimefika salama. Miguu imevimba kidogo, roho imevimba zaidi.

Kuna jambo hukuliona, nami sikulisema pale kwa sababu ungelia mbele za watu, na sisi hatukulelewa hivyo. Ule mfuko uliotaka kunipokea mlangoni, tukavutana nao mpaka ukaniuliza nimebeba dhahabu, ulikuwa na gauni. La bluu. Nililishona mimi, kwa mkono wangu mzuri kabisa, la kuvaliwa kama la kwako lingeshindwa. Usiulize nilishauriana na nani. Usimwulize na yeye.

Niliingia chumbani kwa Chiriku na mfuko wangu kifuani, nikamkuta ameshalivaa la kwako, amenipa mgongo, anajitazama kiooni. Akasema, "Shangazi, nifungie zipu." Nikaikamata. Kitinda, zipu ilipanda moja kwa moja, haikuuliza swali.

Nikamzunguka. Unanijua mimi, sioni gauni, naona makosa. Nikatazama mabega, yamekaa. Nikapindua pindo, sindano imepita sawasawa kote. Nikamwambia anyanyue mikono, akanyanyua yote miwili, na gauni halikupanda wala halikuvuta. Ile rangi ya maziwa ikatoka chini ya mikono yake, ikashuka pande zote mbili mpaka chini, na mtoto wetu akaonekana mrefu kuliko alivyo. Nikatafuta kosa. Nikatafuta kwa nia mbaya kabisa. Ndani ya kola umeshona mstari mara mbili mahali pamoja. Hilo tu.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umelileta?"

Nikamjibu, "Nimeleta nini?"

Akanikumbatia, nikamwambia aniache, atakunja gauni.

Hotuba uliisikia mwenyewe, sina la kuongeza, ila kwamba huyo mama aliyekaa karibu yako hakuwa na haja ya kupigwa kiwiko kila sentensi. Alikuwa anasikia.

Ninachotaka ujue ni kilichotokea nje, wakati wewe umekwenda kutafuta maji ya kunywa. Wakamzunguka mtoto. Wanashika ile rangi ya maziwa, wanauliza inaanzia wapi inaishia wapi. Mkuu wa chuo mwenyewe, yule mama wa miwani, akasema, "Huyu ndiye yule shangazi anayekushonea siku zote?" Na wote wakanigeukia mimi. Hongera fundi, mikono yako ibarikiwe, fundi tupe namba yako. Wanawake wamevaa vizuri kuliko wateja wangu wote, mikono imenyooshwa kunisalimia mimi. Miaka yote ya kuinamia cherehani nilikuwa naisubiri siku kama hiyo, Kitinda, nisikufiche.

Chiriku akafungua mdomo ajibu. Nilimwona anataka kusema neno lako ulilolitaka. Mimi nikamwahi. Nilitaka nilitoe mimi, kwa sauti yangu, ili asibaki hata mtu mmoja wa kudhani mtoto anampendelea baba yake. Nikasema, "Gauni hili sikulishona mimi. Mimi nisingeliweza. Kalishona yule pale, anayekuja na chupa za maji, mwenye makovu ya cheche mikononi. Baba yake."

Ndipo wakakugeukia, ukaona watu wote wanakutazama, ukadhani suruali imechanika. Nilikuona unajipapasa nyuma. Halafu Chiriku akaita, "Baba! Wanauliza nani kanishonea!" na chupa zikakudondoka. Basi sasa unajua ni kwa nini nilikuwa nimegeuka naangalia ukuta. Watu walidhani ni vumbi limeniingia machoni. Nimesifiwa sana katika maisha yangu, lakini sijawahi kusimama mrefu kama nilivyosimama nikikuonyesha wewe kwa kidole.

Gauni langu nimemuuzia msichana wa benki, linamkaa vizuri.

Sasa kuna hili. Habari imefika huku kabla yangu. Mke wa mwenye duka la dawa anataka gauni lenye vipande vya ubavuni, la arusi ya mdogo wake, na amesema liwe vilevile. Nimekata shuka, nimeshona, kwapani linakunjamana. Nimefumua, nimeshona tena, linavuta. Mpiga pasi wangu ananitazama. Niambie, mdogo wangu, taratibu, hatua kwa hatua, na uchore kama unaweza: pale kwapani uligeuzaje? Mimi nimeshindwa.

Dada yako